Mgombea wa Kwetu

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Sindano alikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa kufagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani, maana baba yake, fundi cherehani, hakuweza kuanza kazi huku amekanyaga takataka za jana. Ya pili ilikuwa kuokota pini zilizodondoka sakafuni na kuzirudisha kwenye kopo lake. Ya tatu, iliyokuwa ngumu kuliko zote, ilikuwa kumnawisha uso mdogo wake wa darasa la pili. Mtoto huyo kila siku aliapa kwamba ameshanawa, na kila siku matongotongo yalimuumbua.

Mdogo huyo aliitwa Kifungo. Majina hayo baba yao ndiye aliyewabandika: Sindano kwa kuwa alikuwa msichana mwembamba na mwenye maneno ya kuchoma, Kifungo kwa kuwa alizaliwa mviringo. Walikuwa na majina mengine kwenye vyeti vyao, lakini hata walimu walikuwa wameshayasahau.

Jumatatu hiyo Sindano alikuta sare mpya ya kike imening'inia kwenye msumari. Pindo lake lilikuwa limenyooka kama mstari wa rula. Mfuko wake mmoja ulikuwa mkubwa na umeshonwa mara mbili pembeni.

"Baba, hii ya nani?"

"Ya binti wa fundi bomba," baba akajibu kwa shida, pini tatu zikiwa mdomoni. Akazitoa. "Yule mwenye sauti. Ameniomba mfuko mpana wa kutia kopo, anasema watoto wadogo hawafikii bomba, yeye huwakingia maji. Mtoto ana akili yule!"

Mama yake, aliyekuwa akichochea moto wa pasi, akadakia. "Na adabu pia. Jana amenipokea kapu kutoka sokoni mpaka hapa mlangoni. Wala sikumwita."

"Mimi nakupokea kapu kila siku, mama. Mbona hunisifu?"

Mama akacheka. "Wewe ni wangu. Nikikusifu si nitaonekana najisifu?"

Wote wakacheka isipokuwa Sindano. Sare yake mwenyewe ilikuwa na mfuko mmoja mdogo usioingia hata rula, na baba hakuwahi kumuuliza kama anataka mwingine. Akaiangalia ile sare ya msumarini, kisha akaigeuzia mgongo.

Binti wa fundi bomba aliitwa Kengele. Alikuwa amehamia shuleni mwaka mmoja tu uliopita, akaingia darasa la Sindano, ambalo sasa lilikuwa la sita. Sauti yake ilisikika kutoka jikoni mpaka uwanja wa mpira. Kwa mwaka huo mmoja alikuwa amejua majina ya utani ya nusu ya shule, akawa anacheka na kila mtu, na hata Mapengo, aliyekaa dawati moja na Sindano tangu darasa la kwanza, siku hizi alikuwa akisema, "Unajua Kengele kasema nini jana?" Sindano hakutaka kujua.

Lakini yote hayo angeyameza kama si habari ya ufunguo.

Shule yao ilikuwa na tangi moja la maji, la saruji, kimo cha mtu mzima mfupi, lenye mabomba mawili na mfuniko wa chuma. Maji ya mji yaliingia mara mbili kwa wiki, na nje ya hapo tegemeo lilikuwa tangi. Kwa hiyo kiranja wa maji alikuwa mtu mkubwa. Yeye alishika ufunguo wa kufuli la bomba, akapanga foleni za ndoo za kila darasa, na kila Ijumaa ya pili, pamoja na wasaidizi wanne, alimwaga maji yaliyobaki, akasugua tangi kwa brashi, akalisuuza, kisha akatia dawa ya maji kwa kipimo alichofundishwa. Sindano alikuwa msaidizi kwa miaka miwili. Alisugua mpaka magoti yakaota sugu. Kiranja wa zamani alipomaliza shule, kila mtu alisema ufunguo ni wa Sindano, na yeye mwenyewe alikuwa ameshachagua kamba ya kuuvalia shingoni.

Mwalimu wa afya alipouliza nani anataka kugombea, Sindano akanyoosha mkono. Nyuma yake ile sauti ikapaa: "Na mimi, mwalimu!"

Kijiba cha roho kikaingia hapo, kikafunga mlango na kukaa.

*

Siku ya Jumanne, wakati wa mapumziko, Sindano alisimama karibu na tangi akiwatazama. Kengele alikuwa amesimama kwenye bomba, sare mpya mwilini, kopo mkononi. Watoto wa darasa la kwanza na la pili walikuwa wamemzunguka kama vifaranga. Na Kifungo alikuwa katikati yao, ndugu yake wa damu, akipiga kelele, "Kengele! Mimi! Kengele, mimi kwanza!"

"Wewe umenawa uso leo?" Kengele akamuuliza.

"Nimenawa!"

"Muongo! Shavu hilo lina ramani." Watoto wakaangua kicheko, Kifungo akacheka kuliko wote, akakinga mikono, akanawa palepale bila kulazimishwa. Sindano alikuwa akipigana naye kila asubuhi kwa jambo hilohilo.

Mapengo akaja akasimama karibu naye, akitabasamu kwa yale mapengo yake mawili ya mbele. "Kengele huyu ana vituko! Unajua, Sindano, usinichukie, lakini nafikiri Kengele nitampa kura. Wewe utakuwa msaidizi wake, si kazi ni ileile?"

Sindano hakupanga alichokisema hapo. Kilimtoka tu.

"Mpe. Lakini ujue yule ni wa kwao. Akishika ufunguo, nani atachota kwanza? Wa kwao. Sisi wa kwetu tutakinga matone. Sasa wewe, Mapengo, ni wa kwetu au wa kwao?"

Tabasamu la Mapengo likafifia. "Mimi ni wa kwetu," akasema polepole.

Hapo yafaa kueleza. Watoto wa shule hiyo walitoka mitaa miwili. Bondeni, karibu na maduka, walikaa watu waliokuwa hapo tangu zamani, na nyumbani walizungumza lugha yao. Mlimani walikaa watu waliokuja kiwanda cha matofali kilipofunguliwa, nao nyumbani walizungumza lugha yao nyingine. Shuleni wote walizungumza Kiswahili, wakacheza mpira mmoja, wakakosa hesabu zilezile. Watu wa Bondeni waliwatania wa Mlimani kwamba hula haraka kama wanafukuzwa, na wa Mlimani waliwatania wa Bondeni kwamba husalimiana mpaka jua linazama. Ulikuwa utani, na haukumtoa mtu chozi. Mama yake Sindano mwenyewe alizaliwa Mlimani, akaolewa Bondeni, na kila mwezi Sindano alipanda kule kumsalimia bibi yake mzaa mama.

Lakini neno likishatoka halirudi mdomoni kulala. Mapengo alimwambia mwenzake, yule akawaambia wawili, na kufikia Jumatano shule nzima ilikuwa inaulizana chooni, darasani na kwenye foleni: "Wewe wa kwetu?" Watoto wa Mlimani nao walipousikia ule usemi wakaubeba upande wao: "Kumbe mambo yenyewe ni hayo? Basi sisi na Kengele wetu." Hakuna tena aliyeuliza nani anajua kusugua tangi. Hakuna aliyeuliza kipimo cha dawa.

Sindano aliona, na kwa siri alifurahi. Bondeni walikuwa wengi zaidi.

*

Ijumaa mwalimu mkuu aliwapanga uwanjani. Alikuwa na haraka, maana mwalimu wa afya alikuwa anaondoka siku hiyo kwenda kwenye mafunzo ya mwezi mzima. "Hatuna muda wa karatasi," akasema. "Sindano asimame kulia, Kengele kushoto. Kila mtu aende nyuma ya mgombea anayemtaka. Haya, tembeeni!"

Miguu ikaanza kutembea. Mapengo alipiga hatua mbili kwenda kushoto, na palepale sauti ikamrukia kutoka nyuma: "We Mapengo! Unahamia kwao?" Akageuka, akaja kulia akiangalia viatu vyake. Kifungo naye alishaanza kukimbilia kwa Kengele, lakini kijana mmoja mkubwa wa darasa la saba akamdaka ukosi wa shati na kumgeuza kama anayegeuza mbuzi. Kijana huyo aliitwa Kesho, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kazi.

Mistari ilipotulia, ungedhani kuna mtu aliyechora barabara katikati ya uwanja: Bondeni huku, Mlimani kule, wala hakuna mmoja aliyechanganyika. Sindano alipata mia moja arobaini na nane. Kengele akapata mia moja na tisa.

Kengele akaja kumpa mkono. "Hongera. Ukihitaji mtu wa kufunga koki ya chini ya tangi, niite. Baba amenifundisha, ina ubishi ile."

"Nitaona," Sindano akasema, na hata mkono wake aliutoa upesi.

Jioni alirudi nyumbani, ufunguo kifuani. Kabla hajafungua mdomo Kifungo akamtangulia. "Mama! Tumewashinda wa kwao!"

Mama alikuwa anapakua chakula. Mwiko ukasimama hewani. "Wa kwao ni kina nani, mwanangu?"

"Watu wa Mlimani! Wote walikuwa kushoto, sisi wa kwetu kulia."

"Ahaa." Mama akaweka mwiko chini taratibu. "Na mimi je, Kifungo? Mimi nimezaliwa wapi?"

Kifungo akafikiri. Akamtazama dada yake. Kule barazani cherehani ilikuwa imenyamaza, ishara kwamba baba naye ametega sikio.

"Kwa bibi," Kifungo akasema. "Mlimani."

"Basi mmenishinda na mimi. Hongereni." Hakukaripia, hakupandisha sauti. Akaendelea kupakua, akamgawia kila mtu sawasawa. Sindano alikula chakula hicho bila kujua kina chumvi au hakina.

*

Jumatatu asubuhi Kesho alikuwa anamsubiri kwenye tangi, ameegemea kama mwenye mali. "Kiranja wetu! Usisahau nani alikukusanyia watu. Mimi nataka usaidizi."

"Lakini wewe hujawahi hata kushika brashi."

"Kura zangu ulizipokea bila kuuliza kama najua brashi."

Sindano akaandika jina lake. Wasaidizi wote wanne wakawa wa Bondeni, Kesho akiwa mkuu wao. Kwenye foleni hali ikawa hiyohiyo. Akipanga darasa la nne litangulie kwa zamu yao, watoto wa Bondeni wa darasa la tano walipenya mbele na ndoo zao. Akiwakataza walimtolea macho: "Sasa tulikupa kura ya nini?" Wale wa Mlimani walisimama nyuma kimya, ndoo tupu miguuni.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba ushindi haukumtibu. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, lakini watoto wadogo bado walimkimbilia Kengele na lile kopo lake. Kicheko bado kilikuwa kule alikokuwa Kengele. Mapengo alikaa naye dawati moja na kuzungumza naye habari za masomo tu. Alikuwa amepata alichokitaka, na bado alikuwa anamezea mate alicho nacho mwenziwe.

Ijumaa ya kuosha tangi ikafika. Wasaidizi wawili hawakutokea. Kesho alitokea, akapiga miayo. "Maji si meupe? Tutaosha kesho."

"Kesho ni Jumamosi."

"Basi kesho nyingine. Au unataka kumshtaki mtu wa kwenu kwa mwalimu mkuu?"

Kengele alikuwa anapita na mkoba wake. Akasimama. "Mmepungukiwa? Naweza kuingia mimi, niende nyumbani nikaage tu kwanza."

Sindano alihitaji mikono miwili zaidi. Alijua kabisa kwamba tangi haliwezi kusuguliwa na mtu mmoja. Lakini alimwona Kengele akiwa ndani ya tangi, akipiga kelele zake, kila mtu akicheka, na Jumatatu shule nzima ikisema, tangi limeoshwa na Kengele.

"Umeshindwa, kubali," akamwambia. "Usiutafute ufunguo kwa mlango wa nyuma."

Kengele akaweka mkoba wake begani, akaenda zake. Sindano akalifungua daftari la tangi, ambalo mwalimu wa afya alimwachia, akaandika tarehe, na mbele yake: *Limeoshwa.* Wiki mbili baadaye akaandika tena neno hilohilo, na safari hii hakusita hata kidogo. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

Siku chache kabla mwezi haujaisha, Kengele alimjia mbele za watu. "Sindano, maji yananuka. Onja uone. Funga bomba, tumwambie mwalimu mkuu."

"Wivu huo!" Sindano akasema kwa sauti, na watoto wa Bondeni wakampigia makofi. "Wivu unakutafuna!"

Kengele akabadilika rangi. Akamwaga maji ya kopo chini, akaondoka.

*

Aliyeanza kuugua alikuwa Kifungo. Jumatatu asubuhi aliamka ameshika tumbo, akatapika mara mbili, na kufikia saa nne macho yake yalikuwa yameingia ndani. Kwa mara ya kwanza alisema hajanawa uso, akaomba asinawe. Mama alimbeba mgongoni mpaka zahanati, Sindano akifuata na kanga na chupa ya maji.

Kwenye benchi la zahanati hapakuwa na nafasi. Mtoto wa Bondeni alikuwa amelala kwenye mapaja ya mama yake, kando yake mtoto wa Mlimani, kisha wa Bondeni wawili, kisha wa Mlimani watatu. Wote wa shule moja. Mama mmoja wa Mlimani akasogea na kumwambia mama yake Sindano kitu kwa ile lugha ya kwao, mama akamjibu kwa lugha hiyohiyo, akaketi. Wakabadilishana kanga kavu.

Muuguzi akapita na dawa ya kuchanganya na maji kwenye vikombe. "Hawa wote wanakunywa maji wapi?"

"Shuleni," akina mama wakajibu kwa pamoja.

Sindano alisimama ukutani. Kifungo alikuwa anakunywa kijiko kimoja kimoja, midomo imekauka, na kila kijiko kilikuwa kama kinapita kwenye koo lake yeye.

Mchana alirudi shuleni. Mwalimu wa afya alikuwa amerejea kutoka mafunzoni, na mfuniko wa tangi ulikuwa wazi. Utelezi wa kijani ulikuwa umepanda ukutani, na juu ya maji mjusi aliyekufa alikuwa anaelea tumbo juu. Wanafunzi walikuwa wamezunguka, wameziba pua. Mwalimu alikuwa na daftari mkononi.

"Hapa pameandikwa limeoshwa, mara mbili," akasema. "Nimeangalia kwa macho yangu. Nani ataniambia ukweli?"

Kesho akamsogelea Sindano, akamnong'oneza sikioni. "Sema ni wale wa Mlimani, walitupa uchafu kwa hasira ya kushindwa. Sisi ni wengi. Tutakushuhudia."

Ilikuwa rahisi. Sindano alijua wangeamini, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kuamini. Akamtafuta Kengele kwa macho, akamwona amesimama na Mapengo, mikono nyuma. Angeweza kusema kwamba alionya. Hakusema. Alikuwa anamsubiri.

"Ni mimi, mwalimu," Sindano akasema. Sauti ilitoka nyembamba, akakohoa, akaanza upya. "Niliandika uongo. Tangi halikuoshwa hata mara moja. Kengele alitaka kusaidia nikamfukuza. Aliniambia maji yananuka nikamwaibisha. Na yale maneno ya wa kwetu na wa kwao, niliyaanzisha mimi. Si kwa sababu Kengele ni wa Mlimani. Mama yangu ni wa Mlimani. Ni kwa sababu nilimwonea wivu."

Akavua ufunguo shingoni. Kamba ilinasa kwenye sikio, akaivuta, akaukabidhi huku machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

*

Wiki hiyo wazazi wa mitaa yote miwili walikuja na brashi, na fundi bomba akaleta koki mpya. Watoto wote wakapona. Kifungo alipopata nguvu aliomba chakula mara tatu kwa mkupuo, ndipo mama akacheka tena.

Mwalimu wa afya akatangaza uchaguzi mwingine. "Safari hii hakuna kusimama nyuma ya mtu," akasema. "Macho ya jirani yana nguvu ya kusukuma miguu. Kila mmoja ataingia peke yake nyuma ya pazia, atie alama, akunje karatasi. Na kabla ya hapo wagombea watajibu maswali."

"Mimi sigombei, mama," Sindano alisema nyumbani. "Nitaangaliaje watu?"

"Gombea," mama akasema. "Kazi unaijua kweli. Ila sasa iombee kura kazi yako, usiombee mtaa."

Basi akagombea, Kengele akagombea, na Kesho naye, bila haya, akagombea. Kwa kuwa wa darasa la kwanza walikuwa hawajui kusoma vizuri, karatasi zilichorwa picha: sindano, kengele, na kwa Kesho, jua linalochomoza. Mtoto mmoja wa Mlimani alimuuliza Sindano mbele ya wote, "Tutakuaminije?" Akajibu, "Leo msiniamini. Mje Ijumaa mnitazame nikisugua." Kesho alipoulizwa ataosha tangi lini, shule nzima ilimjibia kwa sauti moja, na mwalimu mkuu mwenyewe akaficha mdomo kwa karatasi.

Nyuma ya pazia palikuwa na meza, kalamu, na ukimya. Sindano aliiangalia ile picha ya sindano, akaitamani. Bado aliutaka ufunguo. Bado ile picha ya kengele ilimchoma kidogo. Lakini hapakuwa na wa kumtazama, wala wa kumpigia makofi, na swali lililobaki lilikuwa moja tu: Kifungo akiwa na kiu, nani akishika bomba nitalala usingizi? Akatia alama kwenye kengele. Akakunja karatasi mara mbili, akatoka.

Kengele alipata kura mia moja sabini na nne. Sindano sabini na nne. Kesho kumi na moja, na akadai zilihesabiwa vibaya.

Mapengo akapiga hesabu kwa vidole mpaka akaishiwa. "Watoto wa Mlimani ni mia moja na kumi tu! Kwa hiyo wa Bondeni waliompa Kengele si chini ya sitini na nne! Ni kina nani?"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyeweza kumkamata mtu ukosi.

Kitu cha kwanza Kengele alichofanya ni kumwendea Sindano. "Foleni wewe ndiye unayeijua. Uwe msaidizi wangu. Ila bado nimekukasirikia kwa lile neno la wivu."

"Nisamehe. Nilikuwa najisema mwenyewe."

"Nilijua," Kengele akasema. "Ndiyo maana halikuniua."

Ijumaa ile Sindano alikuwa ndani ya tangi na brashi, Mapengo akivuta ndoo juu pamoja na msichana wa Mlimani. Kengele akainamia mdomo wa tangi, na ndani ya saruji sauti yake ikawa kama radi: "Umeacha kona ile!"

"Usipige kelele, unanipasua masikio! Nina mikono mingapi?"

"Miwili. Na yote inasugua palepale!"

Sindano akamrushia maji, akampata usoni. Kicheko cha safari hii kilianzia kwake.

Alirudi nyumbani amelowa mpaka nywele. Mama akamvua sare, akaikamua nje ya mlango, akamketisha kwenye kigoda.

"Bado unamwonea wivu?"

"Kidogo," Sindano akasema. "Nikisikia watu wakicheka naye. Lakini nikishasugua unapungua."

"Utapungua. Sasa nisikilize, mwanangu. Kumpenda mtu wa kwenu si kosa. Mimi nikisikia lugha ya kwa mama yangu njiani, moyo unachangamka, hata kama nimebeba mzigo. Lakini kura si salamu. Salamu mpe wa kwenu na asiye wa kwenu. Kura mpe atakayeiweza kazi, kwa sababu atakachokiharibu kitaingia kwenye tumbo la kila mtu, na tumbo halina mtaa. Na ule wivu wako ulijua hauwezi kutoka nje uchi, ukaazima nguo ya wa kwetu, watu wakaushangilia. Siku nyingine mtu akikujia na habari za wa kwetu na wa kwao, usimpigie makofi kabla hujauliza ndani ya nguo hiyo kuna nini."

Sindano akaitikia kwa kichwa. Barazani cherehani iliendelea kulia, na Kifungo alikuwa akimsimulia baba yake jinsi alivyoingia nyuma ya pazia peke yake kama mtu mzima.

Mama akainama, akashusha sauti kama anayetaka umbea. "Haya, niambie mimi mama yako. Wewe ulimpa nani?"

"Ni siri, mama."

Mama akacheka mpaka akaidondosha ile sare aliyokwisha kuikamua.